Miwani ya uhalisia pepe kama mazoezi ya nyumbani kwa mgonjwa anayesafishwa damu

Mwana wa Likoni (Mombasa)

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote. Baba yangu ana umri wa miaka 61, na figo zake zilishindwa kufanya kazi kutokana na kisukari na presha vilivyomwandama kwa miaka mingi. Husafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kupitia mshipa uliounganishwa kwa upasuaji katika mkono wake wa kushoto. Kabla ya maradhi alikuwa mtu wa kutembea sana, akivuka feri asubuhi na kurudi jioni, na sehemu kubwa ya njia akienda kwa miguu. Sasa misuli ya mapaja yake imenywea, hawezi kuinuka kitini bila kushika meza, na siku anayorudi hospitali hulala hadi usiku. Ameshauriwa afanye mazoezi mepesi nyumbani, lakini hatukuelezwa ni mazoezi gani wala yawe ya kiasi gani.

Kaka yangu anayefanya kazi Doha amemletea miwani ya uhalisia pepe aina ya Meta Quest, ile inayovaliwa kichwani pamoja na vishikio viwili vya mkononi. Baba alipojaribu mchezo wa ngumi akiwa ameketi alicheka na kutaka kuendelea, na tangu hapo huiulizia mwenyewe. Mama ana wasiwasi: anahofia mkono wenye mshipa, anahofia baba kuanguka, na anahofia kwamba mtu mwenye presha hapaswi kurushiwa picha za namna hiyo machoni. Naomba wenye ujuzi mnieleze kama michezo hii inaweza kuhesabiwa kuwa mazoezi ya kweli kwa mgonjwa wa aina hii, na kama inaweza, ifanywe vipi ili isimletee madhara.

Mtaalamu wa Viungo (Dar es Salaam)

Wa alaikum salaam, dada yangu, na poleni kwa kuuguza. Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na baadhi ya wagonjwa ninaowahudumia wanasafishwa damu. Kwa kifupi, mzee anaweza kuitumia miwani hiyo, kwa masharti na kwa kuanzia akiwa ameketi, baada ya daktari wake wa figo kuridhia. Hata hivyo ningependa nieleze kwanza tafiti zimeonyesha nini, kwa sababu habari zinazosambaa huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali.

Nchini Korea Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapa wagonjwa mchezo wa Wii Fit Plus wa kampuni ya Nintendo kwa dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki nane, wakati wakisubiri zamu zao za kusafishwa damu. Siha yao ya mwili iliongezeka na uchovu ukapungua. Huko Valencia, Hispania, watafiti walitumia mchezo ambao mgonjwa huucheza akiwa kwenye kiti cha mashine, damu ikiendelea kusafishwa. Kamera hufuata mguu wake, naye huunyanyua na kuupeleka huku na huko ili kukusanya vitu vinavyoonekana kwenye skrini na kukwepa vile vinavyomkosesha alama. Uwezo wa wagonjwa hao wa kutembea na wa kuinuka kitini uliongezeka kwa kiasi kinachokaribiana na cha wenzao waliofanya mazoezi ya kawaida.

Tafiti hizo zote mbili huitwa za uhalisia pepe, lakini hakuna aliyefunikwa macho. Mgonjwa alitazama skrini iliyo mbele yake huku akiiona sakafu, akiiona mipira ya mashine (kwa wale wa Hispania) na akimwona muuguzi aliye karibu naye. Zaidi ya hayo, katika nchi hizo kawaida ni kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, ilhali baba yako anasafishwa mara mbili, maana yake ni kwamba maji na takataka hukaa mwilini mwake kwa muda mrefu zaidi kati ya zamu moja na nyingine. Kwa hiyo matokeo mazuri ya Korea na Hispania hayawezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwa mzee aliyevaa kifaa chenye uzito wa karibu nusu kilo kichwani, macho yamezibwa, sebuleni kwake, bila mhudumu wa afya.

Mazoezi ya nyumbani yenyewe yana ushahidi mzuri zaidi, nao umetokana na jambo la kawaida kabisa. Nchini Italia, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 uliwataka wagonjwa watembee nyumbani kwa dakika kumi mara mbili kwa siku, katika siku ambazo hawasafishwi damu, kwa mwendo wa taratibu uliopangwa kwa kila mmoja. Baada ya miezi sita, umbali walioweza kutembea kwa dakika sita uliongezeka kutoka wastani wa mita 328 hadi mita 367, na wale ambao hawakupewa programu hiyo walibaki karibu pale pale. Nchini Ujerumani, utafiti wa mwaka 2023 uliohusisha zaidi ya wagonjwa elfu moja ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi kwa mwaka mzima wakati wa kusafishwa damu waliongeza idadi ya mara wanazoweza kuketi na kusimama, huku wenzao wasioyafanya wakizidi kudhoofika. Msisahau hilo la mwisho, kwamba mgonjwa wa figo asipofanya chochote habaki alipo, bali nguvu zake huendelea kushuka mwezi hadi mwezi.

Sasa nirudi kwa mzee. Umeandika kwamba mapaja yamenywea na kwamba hawezi kuinuka bila kushika meza, kisha ukaandika kwamba mchezo anaoupenda ni wa ngumi akiwa ameketi. Mchezo huo utamfanyisha kazi mabega na mikono, utamchangamsha moyo na kumwongezea pumzi kidogo, nayo ni faida, lakini miguu itabaki kama ilivyo. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo familia nyingi hupotelea: kifaa kinachagua zoezi, wakati lililotakiwa ni udhaifu wa mgonjwa ndio uchague zoezi. Mzee anahitaji kuketi na kusimama, kunyoosha goti akiwa kitini, kuinuka kwa vidole vya miguu akiwa ameshika dirisha au meza nzito, na kutembea. Miwani inaweza kuwa kivutio cha kumfanya aanze. Kwa mfano, kila raundi ya ngumi inapomalizika anaivua miwani, anafanya zoezi la miguu, anapumzika, kisha anarudi kwenye raundi nyingine. Nimeona mpango wa namna hiyo ukifuatwa na watu waliokuwa wameyakataa mazoezi kabisa.

Baba Neema (Nakuru)

Habari zenu. Mimi ni mgonjwa, nasafishwa damu, na nimesoma maelezo ya mtaalamu kwa makini. Nakubaliana naye kuhusu miguu, lakini naomba lile neno la binti kwamba baba yake alicheka lisipitwe haraka. Asiyewahi kukaa saa nne kwenye kiti cha mashine, akitoka hapo kichwa kinamzunguka, na akijua kwamba siku chache zijazo atakirudia kiti hicho hicho, ni vigumu kwake kuelewa jinsi mtu anavyokata tamaa ya mwili wake mwenyewe. Karatasi yenye picha za mazoezi niliwahi kupewa nami nikaiweka kabatini. Kilichonitoa kitandani ni wajukuu wangu waliokuwa na mchezo wa kucheza mbele ya televisheni, wa kuyumba huku na huko na kupiga hatua papo hapo. Nilianza kwa kutaka kuwafurahisha, na polepole nikajikuta napanda ngazi za kanisani bila kusimama katikati.

Kuhusu miwani yenyewe, niliivaa kwa mtoto wa ndugu yangu na nikaingiwa na kichefuchefu, hasa katika mchezo ambao picha ilikuwa inasogea mbele wakati mimi nimekaa tuli. Michezo ambayo mtu hubaki mahali pamoja na vitu ndivyo vinavyomjia haikunisumbua. Kwa hiyo, binti yangu, mchagulieni mzee ile ambayo yeye hasafirishwi, na ikiwa kifaa chenu ni cha matoleo mapya yanayoweza kuonyesha chumba halisi kupitia kamera, tafuteni mchezo unaotumia njia hiyo ili aendelee kuiona sakafu na kuwaona ninyi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu wenye afya hawalifikirii. Vile vishikio vina ukanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono ili visichomoke. Kama mshipa wa mzee umeunganishwa karibu na kifundo, ukanda huo usikazwe kabisa upande huo. Mimi sivai hata saa kwenye mkono wangu huo.

Mama Zawadi (Dodoma)

Ninawasalimu wote. Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu, na aliyoyasema Baba Neema kuhusu ukanda ningependa kuyaendeleza, kwa kuwa mkono ule ndio njia ya uhai ya mgonjwa na ukiharibika, kupata njia nyingine si jambo jepesi.

Mshipa uliopona na kukomaa hauzuii mkono kufanya kazi. Tena wagonjwa wenye mshipa mpya huelekezwa kuminya mpira laini ili mshipa ukue. Kinachokatazwa ni kuubana, kuulalia, kubebea vitu vizito na kuupimia presha. Katika mchezo wa ngumi hatari kubwa ninayoiona ni kugonga ukuta, pembe ya meza au kiti, kwa kuwa mgonjwa haoni alipo. Kifaa hicho kina mpaka unaochorwa kabla ya kucheza, ambao huonekana mchezaji anapoukaribia, lakini mpaka huo unafaa tu ikiwa chumba kimeondolewa vitu. Kiti cha mzee kiwekwe katikati ya nafasi iliyo wazi, kiwe na mgongo, kisiwe cha magurudumu wala cha plastiki chepesi kinachoteleza kwenye vigae. Kabla na baada ya kucheza, aweke vidole juu ya mshipa na kuhisi ule mtetemo kama alivyofundishwa. Mtetemo ukipotea, aende hospitali saa ile ile bila kungoja siku ya zamu.

Siku ya kusafishwa damu asicheze. Presha yake huweza kushuka ghafla anaposimama, amechoka, na kwa kawaida amepewa heparini inayozuia damu kuganda kwenye mashine, hivyo hata kujigonga kidogo kunaweza kuleta uvimbe mkubwa wa damu au kufanya matundu ya sindano yavuje. Kesho yake ni siku nzuri zaidi, maji yakiwa yametoka na usingizi umepatikana.

Mzee wenu ana kisukari, kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo sijaona yakitajwa. La kwanza ni sukari kushuka. Figo zikiwa hazifanyi kazi, insulini hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida, na mazoezi nayo huteremsha sukari. Apimwe kabla ya kuanza, na ikiwa chini ya 5 mmol/L ale kwanza kitu. Sukari ikishuka, watu wengi hukimbilia juisi ya machungwa, ambayo ina potasiamu nyingi na haimfai mgonjwa huyu. Mpeni glukosi au sukari iliyokorogwa kwenye maji machache. La pili ni macho. Kisukari huweza kuotesha mishipa dhaifu nyuma ya jicho, na mtu mwenye hali hiyo ikiwa bado haijatibiwa anaweza kuvuja damu ndani ya jicho kwa kujikaza au kutikisa kichwa kwa nguvu. Kabla ya kumruhusu kukwepa ngumi kwa kuinamisha kichwa upesi upesi, daktari wa macho amtazame.

Kiu nayo isidharauliwe, hasa kwa joto la Mombasa. Mzee akitoka jasho atataka maji, na kiasi cha maji anachoruhusiwa hakiongezeki kwa sababu amecheza gemu, isipokuwa daktari aseme hivyo. Acheze asubuhi au jioni chini ya feni, kwa muda mfupi, na akisikia kinywa kimekauka asukutue maji na kuyatema, au amumunye kipande cha barafu ambacho kimehesabiwa katika kipimo chake cha siku.

Kwa wasomaji wengine ambao wagonjwa wao wana mpira wa kusafishia damu (katheta) shingoni badala ya mshipa wa mkononi: michezo ya kurusha mikono juu ya kichwa si yao, kwa kuwa huvuta mpira na kulegeza bandeji. Mwenye mpira kwenye kinena asikunje nyonga kwa mazoezi ya miguu hadi atakapopewa mpira wa mahali pengine. Wale wanaosafishwa kupitia tumbo wazungumze na muuguzi wao kuhusu kutoa maji tumboni kabla ya zoezi. Aliyepandikizwa kifaa cha moyo chenye betri naye amwulize daktari kwanza, kwa sababu miwani na vishikio vyake vina sumaku.

Mwana wa Likoni (Mombasa)

Ninawashukuru sana, na Mama Zawadi, Mwenyezi Mungu akulipe kwa suala la macho, kwa maana baba hajapimwa macho tangu aanze kusafishwa damu. Tutamwombea miadi wiki hii na miwani itangoja. Chumba tutakitayarisha kama mlivyosema, na mshipa wake uko juu ya kiwiko, kwa hiyo ukanda wa kishikio haufiki hapo.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kati ya Alhamisi na Jumatatu kuna siku tatu nzima bila mashine, na ifikapo Jumapili baba huwa amevimba miguu na pumzi yake imekuwa fupi. Je, siku hiyo acheze au apumzike? Pia, tutajuaje kwamba mazoezi yanamsaidia, mbali na kufurahi kwake?

Mama Zawadi (Dodoma)

Jumapili akiwa katika hali hiyo asifanye mazoezi. Pengo refu kati ya zamu ndilo lenye hatari kubwa zaidi kwa moyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vifo na kulazwa kwa matatizo ya moyo huongezeka siku inayofuata pengo la siku mbili, na la baba yako ni refu kuliko hilo. Maji yakiwa mengi mapafu hubanwa, na potasiamu iliyopanda huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Siku zake ziwe Jumanne, Ijumaa na, akiwa mwepesi, Jumatano au Jumamosi. Na hiyo pumzi fupi ya kila Jumapili, dada, ipelekeni kwa daktari kama lalamiko linalojitegemea, muulizie uzito mkavu wake (uzito wa mwili maji ya ziada yakiwa yametolewa) na uwezekano wa kuongezewa zamu, kwa sababu hiyo si hali ya kuzoewa.

Wakati wowote akisikia maumivu ya kifua, moyo kwenda ovyo, kizunguzungu, au asiweze kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, avue miwani na aache papo hapo.

Mtaalamu wa Viungo (Dar es Salaam)

Swali lako la pili ni zuri, na jibu lake halihitaji kifaa chochote. Chukua kiti kigumu chenye urefu wa kawaida, kiegemeze ukutani, mmoja wenu asimame pembeni, kisha hesabu ni mara ngapi mzee anaweza kuinuka na kuketi kwa sekunde 30 huku mikono yake ameikunja kifuani. Akishindwa kabisa bila kutumia mikono, andikeni sifuri na mumruhusu ajisukume kwa mikono katika mazoezi, mkimwekea mto juu ya kiti ili kimo kiwe kirefu na kazi iwe nyepesi. Kila anapoweza kwa urahisi, mto upunguzwe. Alama anazopewa na mchezo wa miwani msizitumie kama kipimo, kwa sababu mchezaji huongeza alama kwa kuuzoea mchezo hata misuli yake ikiwa haijabadilika.

Kwa kuanzia, mpango uwe hivi: raundi moja ya ngumi akiwa ameketi kwa dakika tatu hivi, miwani ivuliwe, apumzike hadi pumzi itulie, kisha ainuke na kuketi mara tano, anyooshe kila goti mara nane, na arudie mzunguko huo mara mbili. Kazi iwe ya kiwango cha kuweza kuzungumza anapofanya ila asiweze kuimba. Wiki ya kwanza itawaonyesha kipi kinachombana zaidi, pumzi au mapaja, nanyi muongeze kidogo kidogo kwa upande wa mapaja kabla ya kuongeza ngumi. Kucheza akiwa amesimama na macho yamefunikwa sikushauri kwake hata baadaye, kwa kuwa mifupa ya wagonjwa wa figo huvunjika kwa urahisi na mshipa wake hauwezi kuhimili mwanguko. Akipata nguvu za kusimama vizuri, nguvu hizo azitumie kutembea uani au kwenye barabara ya mtaa, mmoja wenu akiwa naye, dakika kumi asubuhi na kumi jioni kama walivyofanya wale wa Italia.

Idadi ya leo ya kuinuka kitini iandikwe katika daftari lake la hospitali pamoja na presha na uzito wa siku hiyo, ipimwe tena baada ya wiki nne siku ile ile ya wiki na kwenye kiti kile kile, na daftari hilo aonyeshwe daktari wa figo anapomwona.